Kikombe cha Somoe Nambanga

Kompyuta yenyewe ninayo. Ipo chini ya kitanda,
rangi ya zambarau iliyoiva ikalala vumbini,
nzito kama gunia la ufuta ulionyeshewa.
Niliinunua Shangani, kwa mlinzi wa nyumba
walimokaa zamani watu wa kutafuta gesi,
kabla bomba halijaota hata ndotoni.
Aliizuilia mlango, upepo usiubamize.
Elfu kumi na tano, na vocha juu.

Hii haikuwa kompyuta ya kuandikia barua.
Ilisoma mitetemo: wao walilipua baruti huko Msimbati,
yenyewe ikachora chini ya mchanga, tabaka kwa tabaka,
kama mtu anayemenya kitunguu bila kulia.

Monita niliipata Mikindani, kwenye banda la kuku.
Jogoo alikuwa akiwikia juu yake.
Kibodi, Masasi, kwa fundi Hilari Chiputa,
herufi M imeng'oka; binamu akanichongea ya mpingo.
Sasa M ni nyeusi kuliko zote
na kidole kinaipenda.
Kipanya kimekatwa mkia.
Kofia moja, chapa imefifia.
Fulana mbili, moja ina alama ya pasi mgongoni.
Kalamu isiyoandika, ambayo siruhusu mtu aijaribu.

Mke wangu Asumpta huwauliza wageni,
"Mnataka kumwona mke mwenzangu?"
kisha ananyanyua shuka.

Naiwasha Jumapili, umeme ukikubali.
Inanguruma, inawaza, inauliza jina.
Betri ya saa yake ilikufa siku nyingi,
kwa hiyo kila ikiamka inaamini
leo ni tarehe mosi Januari, mwaka sabini.
Siirekebishi.
Mwaka sabini bibi yangu hajahamishiwa kijiji cha pamoja,
mikorosho yake ingali yake,
na mimi sijamkosea mtu.

Kilichobaki kilikuwa kikombe.
Nilikijua kwa picha tu: cheupe, mchemraba wa buluu ubavuni,
walipewa wafanyakazi mwisho wa mwaka fulani.
Miaka sita. Nimeuliza Lindi, nimeuliza Nachingwea,
nimeuliza hadi msibani, kabla ya maji ya kunawa kupita.

Nikakikuta Chikongola sokoni, Alhamisi,
kimezama kwenye beseni la korosho la Somoe Nambanga,
mkono hakina, mchemraba unang'aa mafuta.

Nikasema elfu ishirini. Akampimia mteja.
Nikasema hamsini. Akamwongeza yule mteja punje tatu.
Nikasema sabini, tena nakuletea kipya, kikubwa kuliko hiki.
Hapo ndipo aliponitazama.

"Kikubwa, nitakula hasara. Kidogo, wataniita mwizi.
Hiki watu wanakijua kuliko jina langu.
Nimesomesha nacho wawili, nimezika nacho mmoja.
Wewe utakwenda kukiweka wapi?"

Nilitaka kusema: chini ya kitanda.
Ulimi ukagoma.

Sasa kila Alhamisi nanunua kikombe kimoja.
Kabati la vyombo limejaa korosho,
Asumpta anazitia hadi kwenye mchicha.
Namwomba Somoe apime taratibu,
mchemraba uwe upande wangu.
Anacheka puani. Anaugeuza.

Mara moja tu nilikishika.
Adhana ya adhuhuri ilimkuta hana wa kumwachia,
akaniangalia, akaangalia huku na huku, akaniangalia tena.
Nikapimia watu wanne.
Kilikuwa chepesi kuliko nilivyodhani,
ukingo umelika upande mmoja, pale kinapochotea,
na kidole gumba changu kiliingia pale pale
palipochimbwa na chake.
Nilijaza hadi zikamwagika. Kila mmoja, hadi zikamwagika.

Aliporudi akalitazama beseni,
akanitazama mimi.
"Ile ziada utanilipa," akasema.
Nikalipa.